Seva ya Kuongozea Kompyuta za Mbali: Ufunguo Uwe Mkononi mwa Nani?

Kompyuta ya ofisini inayopata intaneti kwa modemu ya kampuni ya simu kwa kawaida haina anwani yake yenyewe kwenye mtandao. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, wala hazitoshi. Kwa hiyo kampuni hukusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, na tangu 2012 lipo fungu maalumu, linaloanza na 100.64, lililotengwa kwa ajili ya mpango huo. Ndiyo maana fundi aliye Dar es Salaam, akipigiwa simu kwamba mfumo wa SACCOS fulani mjini Mbeya umegoma, hawezi kuifikia kompyuta ile moja kwa moja. Yeye anaweza kutoka nje, nayo kompyuta inaweza kutoka nje, lakini hakuna awezaye kubisha hodi kwa mwenzake.

Hapo ndipo anapohitajika mshenga. TeamViewer, AnyDesk, RustDesk na programu nyingine za kuongozea kompyuta za mbali zote zina seva ya katikati ambayo kila kompyuta huripoti kwake, ikitaja namba yake na mahali inakopatikana kwa wakati ule. Fundi anapoomba namba ya Mbeya, seva huzijulisha pande mbili, kisha kila upande hutuma pakiti kuelekea kwa mwenzake kwa wakati mmoja. Ruta zikiona pakiti hizo huzidhania kuwa majibu ya mazungumzo yaliyoanzia ndani, zikazipisha, na mshenga akajitoa. Lakini zipo ruta zinazobadilisha poti kwa kila mazungumzo mapya, na kwenye mitandao ya simu jambo hili ni la kawaida. Hapo ujanja ule hugonga mwamba, na mshenga hulazimika kubeba kila kitu mwenyewe: kila picha ya skrini, kila herufi, kila mbofyo wa kipanya.

Swali langu kwa kila ofisi inayotumia huduma hizi ni hili: mshenga huyo ni wa nani, na anakaa wapi?

Tuanze na anakokaa, maana hilo hupuuzwa sana. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva iko Ulaya, na njia ya kebo kutoka pwani yetu hadi huko ni kilomita 10,000. Mbofyo wa fundi unakwenda Ulaya, unarudi Mbeya, picha mpya inatoka Mbeya kwenda Ulaya tena, kisha inarudi Dar es Salaam. Hizo ni kilomita 40,000, yaani sehemu ya tano ya sekunde imepotea njiani kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa ruta zenyewe. Kipanya kinavuta miguu, na fundi analaumu bando. Seva hiyo hiyo ikiwekwa Dar es Salaam au Nairobi, kwenye mtoa huduma aliyeunganishwa vizuri na mitandao ya nchini, safari ndefu ile inaondoka.

Kuhusu mwenye mshenga: Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake ya uzalishaji imevamiwa, ikafuta vyeti vyake vya usalama na kutoa vipya. Juni mwaka huo huo TeamViewer nayo ikatangaza uvamizi kwenye mtandao wake wa ndani, ingawa ilisema data za wateja hazikuguswa. Sisemi kwamba kampuni hizo ni dhaifu kuliko fundi wa mtaani. Nasema kwamba mshenga wa mamilioni ya watu huwindwa na majambazi wakubwa, na ofisi inayotunza akiba za wanachama inastahili kuchagua hatari yake yenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kujua skrini ya mhasibu inapitia kwa nani ni sehemu ya wajibu unaotokana na sheria hizo.

RustDesk ni programu huria, na seva yake unaweza kuiendesha mwenyewe. Ina sehemu mbili ndogo. Ya kwanza, hbbs, ndiyo inayopokea namba na kuzikutanisha pande mbili. Ya pili, hbbr, hubeba mzigo pale njia ya moja kwa moja inaposhindikana. Zote mbili huja tayari ndani ya kontena za Docker, teknolojia iliyotoka 2013. Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na kila faili inayoitegemea, ikaendeshwa juu ya kiini kile kile cha Linux lakini ikitengwa na nyingine. Hakuna mfumo mwingine mzima unaowashwa ndani yake, ndiyo sababu seva ya kukodi yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu inatosha. Kinachohitaji hesabu zaidi ni data: kazi za kawaida za ofisini zikipitia hbbr hula takriban kilobaiti 100 kwa sekunde, sawa na megabaiti 360 kwa saa kwa kila muunganisho.

Faili moja fupi ya maelekezo huzitaja kontena zote mbili, kisha amri docker compose up -d huziwasha. Sehemu hii ni nyepesi kiasi cha kumfanya mtu aamini kazi imekwisha, na hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Hbbs ikiwaka mara ya kwanza hutengeneza jozi ya funguo: id_ed25519, ambayo ni siri, na id_ed25519.pub, ambayo huwekwa kwenye kompyuta zote za wateja ili zithibitishe kwamba zinazungumza na seva halisi na kufikia mashine halisi. Faili hizo lazima zikae kwenye folda ya seva iliyo nje ya kontena. Kontena imeumbwa ifutwe na kuundwa upya, na kila unapoboresha toleo ndivyo unavyofanya. Funguo zikibaki ndani zitafutika nayo, hbbs itaunda nyingine, na kila kompyuta kuanzia Mbeya hadi Bukoba itakataa seva mpaka mtu apachike ufunguo mpya kwa mkono. Atafikaje, ilhali chombo cha kufikia ndicho kilichokufa? Nakala rudufu ya folda hiyo, iliyofichwa mahali pengine, ina thamani zaidi kuliko seva nzima.

Jambo la pili ni ngome. RustDesk huhitaji poti 21115 hadi 21117 za TCP, na 21116 ya UDP; 21118 na 21119 ni za wanaotumia kivinjari, wengine wazifunge. Wengi hudhani ufw, ngome ya Ubuntu, ikiamriwa kufunga, imefunga. Docker huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, kanuni za ngome za Linux yenyewe, hivyo poti iliyotangazwa na kontena hubaki wazi hata kama ufw inasema imefungwa. Ukiendesha kontena kwenye mtandao wa seva yenyewe tatizo hilo huondoka, na hbbs huona anwani halisi za wateja badala ya anwani ya ndani ya Docker. Mimi napendelea njia hiyo. Kisha jaribu poti ukiwa nje, kutoka mtandao mwingine.

Toleo la bure la seva hii halina akaunti za watumiaji. Fundi akiacha kazi hakuna kitufe cha kumwondoa: nywila ya kudumu aliyokuwa akiingilia inabadilishwa kwenye kila kompyuta, moja baada ya nyingine, siku ile ile anayoondoka. Kwa hiyo orodha ya kompyuta hizo, na mtu anayeishika, vipangwe kabla ya seva kuwashwa.