Gede, Mji Uliomezwa na Msitu

Watu wengi waendao Malindi kwa motokaa hupita Gede upesi, kwa hamu ya kufika ufukoni. Ningewasihi washuke hapo, kama kilometa 16 kabla ya kufika Malindi, waingie chini ya miti kwa miguu. Humo mna mji mzima wa mawe, wenye msikiti mkubwa, jumba la mtawala na nyumba za matajiri, nao umezungukwa na ukuta. Hapana mtu akaaye ndani yake.

Mji huu ulistawi sana katika karne ya 15, lakini ni wa zamani kuliko hapo. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, aliziita nyumba nyingine kwa vitu vilivyopatikana ndani yake: iko Nyumba ya Mkasi, na iko Nyumba ya Bakuli la Kauri. Sidhani kwamba tajiri yule angependa akumbukwe kwa mkasi tu! Hata hivyo majina hayo yatuonyesha biashara yao, maana vyombo vya China vimeonekana humo, ingawa mji wenyewe hauko ufukoni. Jumbani kuna chumba kisicho na mlango, chenye tundu dogo tu juu ukutani. Huko ndiko ilikowekwa mali. Na jambo la ajabu ni hili: Wareno walikaa Malindi miaka mingi katika karne ya 16, lakini jina la Gede halionekani katika maandiko yao.

Kwa nini wenyeji walihama? Wengine husema ni vita vilivyopita pwani mwaka 1589, wengine husema ni Waoromo waliokuja baadaye kutoka kaskazini. Huenda yote yalikuwako. Lakini mgeni na asimame penye kisima cha Msikiti Mkubwa, atazame chini. Kisima kile kilichimbwa tena kuongezwa kina, kwa kuwa maji yalikuwa yakishuka. Ukuta waweza kumzuia adui, lakini hauwezi kuizuia kiu.

Watu walipoondoka, miti ikaingia. Majirani waliogopa mizimu ya mahali pale, wala hawakuthubutu kukata kuni humo. Hivyo miti ikadumu mpaka leo, pamoja na kima na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Mwaka 2024 mji huu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Upande wa pili wa barabara kuu ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilometa za mraba kama 420. Huo haukulindwa na mizimu. Wakulima wa kando yake wana mashamba madogo, na nyani na tembo huwaharibia mazao. Ndiyo sababu wengi wao walitaka ukatwe, wagawiwe ardhi. Siwalaumu, kwa maana mtoto mwenye njaa hashibi kwa kutazama ndege. Basi mwaka 1993 ulianzishwa hapo Gede mpango uitwao Kipepeo. Mkulima huwatia vipepeo majike katika kibanda cha wavu, nao hutaga mayai. Viwavi hulishwa majani ya miti aliyoipanda mwenyewe. Wakigeuka vifukofuko, huvipeleka Gede kuuza, navyo hupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa ili wawaone vipepeo katika nyumba za vioo. Majike wa kuanzia hutoka msituni. Msitu ukikatwa, fedha hizo nazo zimekwisha, na jambo hilo mkulima alijua bila kuhubiriwa.

Ukimaliza Gede, Watamu haiko mbali. Mchanga wake ni mweupe, na bahari yake imekuwa hifadhi tangu mwaka 1968. Uvuvi hauruhusiwi humo. Mimi napenda zaidi hori ya Mida, kwa utulivu wake. Kuna daraja la mbao lililotundikwa kwa kamba kati ya mikoko. Uliza kwanza saa za maji: yakipwa, ndege waliosafiri kutoka Ulaya na Asia hutawanyika matopeni kutafuta chakula, yakijaa, husogea wote pamoja mpaka kwenye ukingo mdogo uliobaki mkavu, nawe waweza kuwatazama kwa karibu.