Je, Wajua? Diski Haisagiki Kama Mahindi

Je, wajua kwamba uti wa mgongo wako una diski 23? Zimekaa kati ya pingili na pingili, kuanzia shingoni hadi chini ya kiuno. Pingili mbili za juu kabisa, zinazokuwezesha kugeuza kichwa, hazina diski kati yake.

Wajua diski imejengwaje? Nje ni matabaka ya nyuzi ngumu, na nyuzi za kila tabaka zimelala kinyume na za tabaka linalofuata, kama ukili uliosukwa na mtu mwenye mkono mzuri. Ndani mna ute mzito, na kwa kijana asilimia 80 hivi ya ute huo ni maji.

Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula huifikia kwa kupenya taratibu kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Ndiyo maana kidonda cha mkono hupona wiki mbili, na diski iliyochanika huchukua miezi.

Je, wajua kwamba diski haitelezi wala haihami? Imeshikamana na mifupa barabara. Ukingo wake huchanika, ute ukatokeza nje ukagusa neva. Madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, ndio waliolieleza jambo hili vizuri mwaka 1934. Kabla ya hapo, kinundu kile kilidhaniwa kuwa uvimbe wa gegedu ulioota wenyewe.

Wajua kwa nini unaumwa mguu wakati ugonjwa uko mgongoni? Diski mbili za chini kabisa ndizo huchanika mara nyingi zaidi, na neva za hapo huingia katika siatika, neva nene kuliko zote mwilini, unene wa kidole. Ikibanwa pale kiunoni, moto unashuka kwenye tako, paja, hadi unyayoni. Wapo waliosugua dawa ya kuchua kwenye shavu la mguu mwaka mzima.

Kipimo cha kugundua neva hiyo imebanwa, cha kulazwa chali na kuinuliwa mguu ulionyooka, kilielezwa mwaka 1880 na Laza Lazarević, daktari wa Serbia aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi fupi.

Je, wajua kwamba neno "kusagika" lenyewe linaumiza? Mtu akitoka kupigwa picha akaambiwa pingili zake zimesagika, kinachomjia akilini ni mashine ya kusaga: mahindi yanaingia, unga unatoka. Tangu siku hiyo anatembea kama aliyebeba yai. Haokoti kitu kilichoanguka, hampakati mjukuu, kila hatua anaona inapunguza mfupa. Misuli isiyotumika inalegea, na mgongo uliokosa misuli unauma zaidi. Sasa sikia hili. Mwaka 2015 watafiti walichapisha majumuisho ya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo hata kidogo. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Katika wenye miaka 80, asilimia 96. Watu wazima wa afya, wanalima, wanacheza ngoma. Hilo halifanyi maumivu yako kuwa ya uongo, ndugu yangu. Maumivu ni ya kweli kabisa. Ila picha peke yake haiwezi kukwambia utaumwa kiasi gani wala kwa muda gani. Ningekuwa na uwezo, ningeliondoa neno "kusagika" katika vyumba vyote vya madaktari, niweke "kuchakaa".

Tena wajua kwamba ute uliotoka nje ya diski mwili huweza kuufyonza wenyewe? Hutokea kwa wagonjwa wengi, na vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo hufyonzwa zaidi. Wengi hupata nafuu bila kisu.

Je, wajua kwamba asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi au zaidi? Usiku diski hunyonya maji na kujaa. Diski iliyojaa hukaza, na ukiinama huelemewa kuliko saa nyingine yoyote. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwafundisha wenye maumivu sugu ya kiuno wasiiname saa za kwanza baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Basi zitazame asubuhi za nyumba zetu. Hata chai haijachemka, mama ameshika fagio la chelewa, mgongo umekunjwa, uwanja mzima unafagiliwa. Halafu ndoo. Halafu jiko la mkaa liko chini. Uwanja unaweza kungoja hadi saa nne. Au fagio lifungwe mpini mrefu. Ni kipande cha mti na kamba tu.

Mimi mwenye diski mbili zilizochakaa huamka hivi: nageuka ubavu, nashusha miguu yote miwili pamoja, mkono unasukuma godoro, kiwiliwili kinafuata. Nikitoka hapo natembea tembea ukumbini kabla ya kukaa popote. Na kwa Muislamu ambaye kurukuu na kusujudu kumemshinda, dini imemruhusu kuswali ameketi.

Umeambiwa lala sakafuni, mgongo utanyooka? Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003, wenye watu 313, uliona godoro la ugumu wa wastani linasaidia kuliko gumu.

Mikanda ya kiuno nayo? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauipendekezi kama tiba ya kawaida. Unapendekeza mazoezi, mafunzo kwa mgonjwa, na msaada wa kisaikolojia.

Diklofenaki ya duka la dawa ikimezwa kila siku bila daktari huchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Nalisema hili kwa uchungu, maana ndiyo tunayopeana mkono kwa mkono kama pipi.

Je, wajua kwamba siku nzuri ndiyo ya hatari? Umeamka huumwi, unafua nguo za wiki nzima, unapanga kabati, jioni kiuno kimekaza na siku mbili zinazofuata uko kitandani. Wataalamu wa fiziotherapia hufundisha kupima kazi kwa saa badala ya maumivu: dakika 20 za kufua, kisha simama, tembea, hata kama hakuna kinachouma. Beseni liwekwe juu ya stuli. Siku mbaya nayo usiifute kabisa, punguza tu.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Hapo mfumo wa neva wenyewe huwa mwepesi kushtuka, na usingizi mbovu na hofu huuzidishia wepesi huo. Mwenzako akikwambia anaumwa na humwoni jeraha, mpe pole na umwamini.

Na mizigo je? Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, hupita kilo 100, na bado mgongo mmoja huingia chini yake.

Wajua dawa isiyouzwa? Kutembea. Australia, watu 701 waliokuwa wamepona mgongo walifuatiliwa. Kati ya waliopangiwa kutembea, nusu walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurudi. Wengine, siku 112. Matokeo yalitoka mwaka 2024.

Na hili lijue kwa moyo. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua, choo vilevile, ganzi ikikushika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu yote miwili ikilegea, huenda neva za chini zimebanwa vibaya na zinahitaji upasuaji wa haraka. Hata ikiwa saa nane usiku, amsha mtu akupeleke hospitali.