Dudumizi Kichakani: Kweli au Si Kweli?

Dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, husikika sana kuliko anavyoonekana. Ndani ya ua wa michongoma hutoka mdundo unaoteremka, du-du-du-du, kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Ukisogea, unaambulia mkia mrefu na mabawa ya rangi ya kutu yakizama majanini. Kwa kuwa hatumwoni vizuri, tumemtungia familia inayofanana na zetu.

Mwenye sauti nzito ndiye baba. Si kweli. Jike ndiye mwenye mwili mkubwa, na sauti yake ni nzito kuliko ya dume. Huimba kwa kupokezana, na aliyeketi barazani hudhani anamsikia ndege mmoja. Tega sikio: sauti ni mbili, moja juu, moja chini.

Kuatamia ni kazi ya mama. Si kweli, na hapa ndipo ndege huyu anaponivutia zaidi. Wazazi wote wawili hulea, na dume hubeba sehemu kubwa ya kuatamia. Ndugu yake, dudumizi mweusi wa nyika zenye majimaji, amekwenda mbali zaidi. Watafiti katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, Tanzania, walikuta jike ndiye anayelinda eneo na kuwa na madume kadhaa. Kila dume ana kiota chake, anaatamia na kulisha peke yake. Mpangilio huo ni adimu mno kwa ndege ambao makinda wao huanguliwa wakiwa hawajiwezi kwa lolote.

Ni wa ukoo wa kekeo, kwa hiyo hutaga katika viota vya wengine. Ukoo ndio, tabia sio. Hujenga kiota chake mwenyewe, cha mviringo, chenye paa na mlango ubavuni.

Makinda wa kiota kimoja ni rika moja. Si kweli. Mayai huanguliwa kwa siku tofauti. Chakula kikipungua, wakubwa hushiba na kitinda mimba huweza kufa.

Akilia, mvua inakuja. Nusu kweli. Huzaliana majira ya mvua, panzi na vyura wanapokuwa tele, na ndipo huimba kwa wingi. Si yeye anayeiita mvua.

Ukifyeka ua, atahamia kwa jirani. Mzazi ataruka, lakini kiota kimo humo humo kwenye matawi unayoyakata, na masika ndiyo majira tunayoshika mapanga. Chungulia kwanza. Ukikuta kiota, ngoja makinda watoke.