Plastiki Inayojijenga Ndani ya Mwili

Plastiki hufahamika kuwa haipitishi umeme; ndiyo maana nyaya za nyumbani huvishwa plastiki. Hata hivyo, mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini, ikitiwa iodini, hupitisha umeme vizuri. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2000.

Umuhimu wake kwa tiba unatokana na tatizo la siku nyingi. Ubongo ni laini, ilhali elektrodi za metali zinazopandikizwa humo, kwa mfano kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ni ngumu. Mwili huzichukulia kama kitu kigeni na kuzizungushia tishu ya kovu, ambayo huweza kudhoofisha mawasiliano kati ya elektrodi na neva.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, pamoja na wenzao, walichapisha katika jarida la Science njia tofauti: badala ya kupandikiza elektrodi iliyokwisha kuundwa, waliuacha mwili wenyewe uiunde. Walidunga jeli yenye molekuli ndogo pamoja na vimeng'enya. Kimeng'enya kimoja hutumia glukosi au laktati iliyomo katika tishu na kuzalisha haidrojeni peroksaidi. Kingine huitumia kemikali hiyo kuziunganisha molekuli kuwa minyororo mirefu ya polima. Hivyo jeli hugeuka kuwa kitu laini kinachopitisha umeme, kikifuata umbo la tishu inayokizunguka, bila kuhitaji mwanga wala mkondo wa umeme kutoka nje. Elektrodi za namna hiyo zilijengeka katika ubongo, moyo na mapezi ya mkia ya samaki wadogo wenye milia, na kuzunguka tishu za neva za ruba.

Hata hivyo, hayo ni majaribio ya wanyama, si tiba. Bado ni lazima ithibitishwe elektrodi hizo zitadumu muda gani, zitaunganishwaje na vifaa vya nje, na iwapo ni salama kwa binadamu. Mgonjwa asiache dawa zake kwa kuzisubiri. Naye mhudumu wa afya, akiulizwa, aeleze matumaini hayo pamoja na mipaka yake.