Saruji ya Majengo

Vijana wa Majengo, Pumwani, hawangoji vyuma vya dukani. Mikebe miwili ya rangi hujazwa saruji, ikaungwa kwa bomba, basi kazi yaanza. Kilo hazikuandikwa popote. Kipimo ni mwili. Hapo ndipo penye hatari, maana wengi hushindana hadi mikono igome, wengine wamelala chali, saruji juu ya kifua. Ya nini? Wataalamu wa leo waeleza kwamba ukiacha ungali waweza kunyanyua mara mbili au tatu zaidi, misuli hukua karibu sawa na ya yule aliyejimaliza, mradi mzigo uwe mzito na uongezwe pole pole. Kukua kwenyewe huja kwa chakula na usingizi. Afungaye Ramadhani na anyanyue baada ya tarawehe, maji yakiwa karibu.