Ushuru wa mafuta hulipwa na wote, mbona barabara za mashinani zinasahaulika?

KILA mvua za masika zinapoanza, mkulima wa majanichai hujipata katika njiapanda: achume majani ambayo huenda lori lisiyafikie, au ayaache shambani yakomae kupita kiasi. Jirani yake humwaga maziwa kwa sababu pikipiki imekwama topeni. Hasara hizi hazitokani na mvua pekee. Zinatokana pia na jinsi fedha za kutunza barabara zinavyogawanywa.

Fedha hizo hutoka wapi? Mwaka wa 1993, sheria ilianzisha hazina maalumu ya kudumisha barabara, ambayo hujazwa na ushuru unaotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Ushuru huo ulikuwa Sh9 kwa lita mwaka wa 2006, ukapanda hadi Sh18 mwaka wa 2016, na mnamo Julai 2024 ukafikishwa Sh25. Kwa kiwango hicho, mhudumu wa bodaboda anayetumia lita nne kwa siku huchangia Sh100 kila siku. Hata asiye na chombo cha usafiri huchangia kupitia nauli ya matatu, na kupitia bei ya kusagiwa mahindi kwenye mashine ya dizeli.

Hazina hiyo husimamiwa na Bodi ya Barabara, iliyoundwa kwa sheria ya 1999. Baada ya mageuzi ya 2007, sheria ilitenga asilimia 40 kwa barabara kuu chini ya KeNHA, asilimia 32 kwa barabara za mashambani chini ya KeRRA, na asilimia 15 kwa barabara za mijini chini ya KURA. Kiasi kilichosalia kilienda kwa matumizi mengine, zikiwemo barabara za mbuga za wanyama.

Utata ulizuka baada ya Katiba ya 2010. Jedwali la Nne la Katiba hiyo liliipa Serikali Kuu jukumu la barabara kuu za kitaifa, nazo barabara za kaunti zikawekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Katika orodha iliyochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali mwaka wa 2016, kati ya takriban kilomita 161,000 za barabara nchini, kilomita 121,000 hivi zilikuwa za kaunti. Hiyo ni robo tatu ya barabara zote.

Hoja ya magavana ni kwamba fedha zinapaswa kufuata majukumu. Kwa miaka kadhaa kaunti zilipokea asilimia 15 ya ushuru huo kama ruzuku yenye masharti, kisha mgao huo ukakatizwa. Wabunge, kwa upande wao, hushikilia kwamba KeRRA na KURA zina wahandisi na mitambo, na kwamba wapigakura huwadai wao barabara nzuri. Mzozo kuhusu Sh10.5 bilioni za mwaka wa kifedha wa 2024/2025 uliligonganisha Bunge la Taifa na Seneti, na magavana wakaelekea mahakamani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Hata hivyo, kuhamisha fedha kutoka ofisi moja hadi nyingine hakutoshi kuleta haki. Katika mgao huo wa sheria, asilimia 22 ya ushuru iligawanywa sawa kwa maeneobunge yote. Usawa huo unavutia machoni, lakini eneobunge la North Horr, Marsabit, ni pana kuliko kaunti nyingi, ilhali Mathare, Nairobi, mtu huweza kulivuka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mgao wa haki hauna budi kuzingatia urefu wa barabara, hali yake, kiwango cha mvua na idadi ya watu wanaoitegemea.

Suala jingine ni wakati. Adui mkuu wa barabara ya changarawe ni maji. Mtaro ukizibuliwa na kalvati ikisafishwa kabla ya mvua, gharama huwa ndogo, na vijana wa kijiji huweza kuifanya kazi hiyo kwa majembe na sululu, kama ilivyokuwa katika mpango wa Roads 2000. Fedha zikichelewa hadi mvua ipite, maji huwa yamekwisha kula barabara, na sasa inahitajika greda pamoja na malori ya changarawe mpya.

Aidha, mwaka wa 2025 serikali iliweka rehani Sh7 kati ya zile Sh25 za kila lita ili kupata Sh175 bilioni za kulipa madeni ya wanakandarasi. Wanakandarasi walistahili kulipwa, lakini shilingi iliyokwisha kuahidiwa wadai haiwezi tena kuzibua mtaro.

Mwananchi afanye nini? Katiba inampa haki ya kushiriki katika masuala ya bajeti na ya kupata habari kutoka kwa serikali. Mikutano ya bajeti inapoitishwa katika wadi, aulize ni barabara zipi zimetengewa fedha, ni kiasi gani, na ni nani atakayewajibika. Swali hilo amulize mbunge na pia gavana, kwani ushuru ameshalipa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta huo itatoka katika mfuko uleule wa mkulima aliyemwaga maziwa.