Kupunguza uzito bila kuuaga wali wa nazi

Miaka miwili iliyopita, katika rakaa ya pili ya sala ya Alasiri, nilishindwa kuinuka kutoka kwenye sijda. Goti la kulia lilikataa kabisa. Nikashika ukuta, na mwanangu alipomaliza kuswali akaenda kuniletea kiti. Tangu siku ile nikawa ninaswali nimekaa. Nilikuwa na umri wa miaka 49 na uzito wa kilo 94.

Daktari aliyenipokea hakuniandikia dawa nyingi. Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kila kilo moja inayotoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Hesabu hiyo ilinitia hamu, tena hamu ya haraka. Kwa wiki mbili niliishi kwa tango, yai la kuchemsha na maji moto ya ndimu. Nikapungua kilo nne. Wiki ya tatu palikuwa na walima mtaani, nikala kama mtu aliyetoka kifungoni, na kabla ya mwezi kwisha kilo zote zilikuwa zimerejea pamoja na moja ya ziada.

Ndugu msomaji, huenda nawe umeyapitia hayo. Sehemu kubwa ya uzito unaotoka siku za mwanzo huwa ni maji, na mwili unaonyimwa chakula kwa ghafla huzidisha njaa huku ukibana matumizi yake. Tena, faida haingoji mtu awe mwembamba. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwahusu watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi lililowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kuupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwangu mimi, asilimia 7 ilikuwa kama kilo sita na nusu. Nusu kilo kwa wiki yatosha, na robo kilo si aibu.

Nilianzia kwenye chai. Nyumbani kwetu kila kikombe kilitiwa vijiko vidogo vitatu vya sukari, nami nilikunywa vikombe vinne kwa siku. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 25 kwa siku. Nikashuka hadi vijiko viwili kwa mwezi mzima, kisha kimoja, na iliki na tangawizi vikaongezwa. Baba watoto alilalamika siku kumi hivi, kisha akasahau. Leo chai ya jirani humshinda kwa utamu.

Jambo gumu zaidi lilikuwa sinia. Tunapokula pamoja hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na mama hula mwisho akimalizia makombo ili kisitupwe kitu. Hapo ndipo nilipoyakumbuka mafunzo niliyoyasikia tangu madrasa. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama ale kilicho mbele yake, na akatufundisha tuligawe tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Nikaanza kujipangia upande wangu: mchicha au bamia na kachumbari nusu, samaki robo, wali robo. Nikala polepole, kwa sababu taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Sikupika vyungu viwili; familia nzima ilikula chakula kilekile. Wali wa nazi wenye tui zito ukabaki kuwa wa Ijumaa, na nakiri kwamba sasa nauonja kwa utamu kuliko nilipoula kila siku. Siku nyingine tui huwa jepesi.

Mwezi wa Ramadhani sambusa na kalimati hazikuondoka mezani. Zilihesabiwa tu. Baada ya futari nilikwenda Tarawehe kwa miguu.

Lililoniumiza ni maneno ya watu. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na akipungua huulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini. Shoga yangu mmoja alifika hata kuniletea supu ya mifupa. Nikaipokea, nikamweleza habari ya goti langu, tukaanza kutembea pamoja baada ya sala ya Alfajiri.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze chakula kabla ya kumwona daktari, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito na anayenyonyesha nao watake ushauri kwanza.

Miezi 14 imepita na mizani inasoma kilo 85. Kuna miezi miwili ambayo haikusogea kabisa, na mwezi wa harusi ya binti yangu ilipanda kilo moja. Sikukuu ya Idi nilikula pilau, nikaongeza na kipande cha halua. Kile kiti bado kipo chumbani. Siku hizi mjukuu hukikalia akisoma juzuu yake.